Ndege Huyu Anafanya Nini?

Watafiti waliopima faida za ngitili za Shinyanga, yaani maeneo yanayofungwa kwa muda ili nyasi na miti vikue tena, mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliorodhesha aina 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo, pamoja na aina 145 za ndege. Kwa mkoa ambao Mwalimu Nyerere aliuita jangwa la Tanzania alipouzuru mwaka 1984, orodha hiyo ni habari njema kwelikweli, na imetajwa tena na tena popote panapozungumzwa habari za kurudisha misitu. Hata hivyo orodha ya ndege, iwe ndefu namna gani, hujibu swali moja tu: nani alionekana. Mbayuwayu anayekatiza angani akitokea Ulaya kwenda kusini mwa Afrika hupewa mstari mmoja, na kwezi anayelisha makinda ndani ya tundu la mgunga hupewa mstari mmoja pia, ilhali wa kwanza huenda hakutua kabisa na wa pili ameukabidhi mti huo uzazi wake wa mwaka mzima. Anayetaka kujua kama ardhi imepona hana budi kuuliza pia ndege anafanya nini. Jibu lake hupatikana kwa kutembea asubuhi, kusimama, kutazama kwa muda mrefu na kupiga picha. Ninashikilia kwamba kazi hiyo iko ndani ya uwezo wa mkazi wa kawaida wa Shinyanga na Geita, na kwamba ushahidi wake una uzito kuliko wengi wetu, wakiwemo wahifadhi wenyewe, tulivyokuwa tayari kukubali.

Historia ya nchi hii inaonyesha kwa nini swali hilo ni zito hapa. Usukumani palikuwa na miombo na migunga mingi. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilisimamia ufyekaji mkubwa wa misitu ili kuwanyima mbung'o kivuli, na makao ya utafiti wa mbung'o yakawekwa Old Shinyanga. Aliyeongoza utafiti huo, Charles Swynnerton, alikuwa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori Tanganyika tangu 1919, na alikuwa pia bingwa wa elimu ya ndege. Yuko ndege mdogo wa misitu ya Udzungwa na Usambara Mashariki anayeitwa kwa jina lake hadi leo. Inauma kufikiri kwamba mtu aliyewajua ndege kiasi hicho ndiye aliyesimamia kazi iliyowaondolea makazi, ingawa haki inatudai tukumbuke kwamba malale, yanayoenezwa na mbung'o, yalikuwa yakiua watu na nagana ikimaliza ng'ombe. Baadaye pamba, mifugo iliyoongezeka, kuni, mkaa na kuhamishwa kwa watu kwenda vijiji vya ujamaa miaka ya 1970 vikamaliza sehemu kubwa ya kilichobaki. Mwaka 1986, mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana zaidi kama HASHI, ulipoanza, ngitili zilizokuwa kwenye kumbukumbu zilikuwa na ukubwa wa hekta zipatazo 600 tu.

Uzuri wa HASHI ni kwamba ilirudi kwenye utaratibu ambao Wasukuma walikuwa nao tangu zamani. Familia au kijiji hufunga eneo mvua zinapoanza, nyasi na miti vikapata nafasi ya kukua, kisha hulifungua wakati wa kiangazi, malisho yanapokuwa yamekwisha kwingine. Visiki vya migunga vilikuwa bado na mizizi hai ardhini. Vilichohitaji ni kuachwa vichipue. Dagashida, baraza la jadi la kijiji, ikaweka masharti, sungusungu, walinzi wa jadi, wakayasimamia, na kufikia mwaka 2004 ngitili zilikuwa zimepita hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800. Lakini visiki haviwezi kueleza kila kitu. Miti yenye matunda laini, kama mswaki, huota sana chini ya miti mingine ambako hakuna mtu aliyeipanda. Imepandwa na shore, kuzumburu na hondohondo, wanaomeza tunda mahali pamoja na kuangusha mbegu mahali pengine, mara nyingi chini ya tawi wanalopenda kutua. Picha ya shore akimeza tunda la mswaki, nyingine ikimwonyesha ametua juu ya mgunga dakika chache baadaye, na ya tatu ya mche ulioota chini ya mgunga huohuo, zikiwekwa pamoja zinaeleza jinsi ngitili inavyojijaza yenyewe. Orodha ya majina haiwezi kueleza hilo.

Wataalamu wanaotengeneza ramani za mahali ndege wanapozaliana wamelijua jambo hili siku nyingi. Kwao, ndege aliyeonekana tu katika makazi yanayomfaa ni uwezekano wa kuzaliana. Dume anayeimba mahali palepale wiki baada ya wiki ni dalili yenye nguvu zaidi. Uthibitisho hupatikana kwa vitendo vichache vinavyojulikana: ndege anayeruka akiwa na mdudu mdomoni bila kummeza, maana kuna anayepelekewa, ndege anayetoka kwenye tundu akiwa na kifuko cheupe cha kinyesi cha kinda, maana anasafisha nyumba, kinda lililotoka kiotani karibuni, mkia mfupi, mabawa yakitetemeka mbele ya mzazi huku mdomo ukiwa wazi. Vitendo hivi huchukua sekunde chache, na jicho husahau upesi au hujaza lisichokiona. Hapo ndipo picha inapokuwa na faida. Simu ya kawaida huandika ndani ya picha tarehe na saa, na ikiruhusiwa, mahali. Mtu mwingine anaweza kuikuza picha hiyo miaka kumi baadaye na kuona kwamba kilichokuwa mdomoni ni kiwavi, wala si kijiti. Na hata ng'ombe wanashuhudia. Ndege mla kupe akipigwa picha akichambua masikio ya ng'ombe wa kijiji, tunajua kwamba kuna kupe na kwamba dawa ya josho haijamwondoa mlaji wake. Kusini mwa Afrika dawa za josho zenye aseniki ziliwafuta ndege hao katika maeneo makubwa.

Mfano wenye mafunzo mengi kuliko yote ni kasuku mdogo wa kijani, mwenye uso wa rangi ya chungwa na mdomo mwekundu, anayejulikana duniani kwa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyesafiri Afrika Mashariki katika miaka ya 1880. Makazi yake ya asili yako kusini na kusini mashariki mwa Ziwa Victoria, Serengeti na Shinyanga zikiwemo. Mwaka 1987 ndiye aliyekuwa kasuku aliyekamatwa porini na kuuzwa kwa wingi kuliko wengine wote katika biashara ya kimataifa, hadi Tanzania ikasimamisha usafirishaji wake. Leo watu wengi wanamfuga katika vizimba Ulaya, Asia na Amerika, na wengi wao hawajui anakotoka. Mwaka 1962 William Dilger wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alichapisha uchunguzi ambao umebaki katika vitabu vya tabia za wanyama. Jike wa kasuku huyu hubeba ukanda wa gome kwa mdomo, mmoja mmoja, kwenda kujengea kiota. Binamu yake wa Namibia huchomeka kanda kadhaa katikati ya manyoya ya mgongoni, akaruka nazo zote pamoja. Dilger alizalisha chotara wa hao wawili, na chotara hao wakahangaika: walijaribu kuchomeka, kanda zikaanguka, wakajaribu tena, na iliwachukua kama miaka mitatu kujifunza kwamba njia ya mdomo ndiyo inayowafaa. Dunia ikapata ushahidi wa wazi kwamba tabia hurithiwa kama rangi ya manyoya inavyorithiwa, na kwamba mazoea yanaweza kuirekebisha kidogo kidogo.

Uchunguzi ule ulifanyika vizimbani, maelfu ya kilomita kutoka kwenye migunga ambako tabia yenyewe ilizaliwa. Mkazi wa Kishapu anaweza kuiona bila kizimba. Picha ya jike akiwa na ukanda wa gome mdomoni inasema mambo matatu kwa mpigo: kuna tundu karibu, mti mzee wenye tundu haujakatwa, na msimu wa kujenga umefika. Miti yenye matundu ndiyo ya kwanza kukatwa kwa mkaa, kwa sababu ni minene, na ndiyo ya mwisho kurudi, kwa sababu mgunga unaochipua kwenye kisiki unahitaji miaka mingi kabla ya kuwa na shina la kutobolewa. Kwa hiyo ngitili ya miaka mitano inaweza kuwa na kasuku wengi wanaokula mbegu humo asubuhi, bila hata jozi moja inayolala humo. Anayehesabu atafurahi kwa idadi. Anayetazama kitendo atagundua kwamba wote huondoka kuelekea mlima fulani jua linapopanda, na atajua ni mlima gani unaostahili kulindwa kwanza.

Kuna sababu za kufanya kazi hii asubuhi. Usiku ndege mdogo hutumia sehemu kubwa ya akiba yake ya mafuta kujipasha joto, kwa hiyo kukicha ana njaa na hana muda wa kujificha. Upepo umetulia, sauti inasafiri mbali, na madume huimba kutangaza kwamba wamepita usiku salama na eneo bado ni lao. Wadudu, ambao bado ni wazito kwa baridi, hukamatika kirahisi. Katika mikoa hii jua huchomoza kati ya saa 12 na nusu na karibu saa 1, na saa mbili zinazofuata zina mwanga wa pembeni ambao huingia machoni mwa ndege na kuonyesha umbo la manyoya yake. Ikifika saa 4 joto limepanda, hewa juu ya mbuga inacheza na kufifisha picha, na ndege wengi wamejibanza kivulini. Mpiga picha ajiweke jua likiwa nyuma yake, ashuke hadi usawa wa ndege pale inapowezekana, na aache nafasi ya kutosha kwenye fremu upande ndege anakoelekea. La muhimu kuliko yote hayo ni subira. Ndege aliyekuona husimama kukutazama, na picha nyingi za ndege tunazoziona ni za ndege wanaotazama watu: nzuri kwa ukutani, lakini kitendo kinachoonekana humo ni hofu. Ukikaa chini ya mti robo saa bila kujongea, yeye hurudia shughuli zake, na hapo ndipo picha zenye maana huanza. Kama huna kamera yenye lenzi ndefu, video ya simu kupitia kioo cha darubini inatosha kuonyesha kitendo, na sauti peke yake nayo ni kumbukumbu halali.

Ukivuka kuelekea Geita, swali la tabia linapata uzito mwingine kabisa. Katika machimbo ya wachimbaji wadogo, mwamba husagwa kwenye makarasha, unga huoshwa kwenye mialo, na zebaki huongezwa ili ikamate dhahabu. Sehemu yake huchomwa ikapaa, na sehemu huondoka na tope. Ikifika kwenye maji yaliyotuama, vijidudu huigeuza kuwa zebaki ya aina inayoingia mwilini kwa urahisi, ikapanda kutoka kwa mdudu hadi kwa samaki, kisha kwa mnandi, mdiria, furukombe na mwanadamu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, kwa hiyo hatari yake si siri. Ambacho wengi hawakijui ni kwamba zebaki hubadilisha tabia ya ndege muda mrefu kabla ya kumuua. Huko Florida, Marekani, kwarara weupe waliolishwa kiasi kidogo cha zebaki kwa miaka mitatu walivurugika katika uchumba: madume wengi waliunda jozi na madume wenzao, na makinda waliotoka vizimbani mwao wakapungua. Virginia, kando ya mto uliochafuliwa na kiwanda, ndege wadogo waimbaji walionekana kuimba nyimbo fupi na rahisi kuliko wenzao wa mito safi. Kwa macho, ndege hao walikuwa wazima. Anayehesabu angewaandika wote kuwa wapo.

Ninayapa matokeo hayo uzito mkubwa kwa sababu yanahusu hasa kile kinachoweza kunaswa na simu ya mkononi. Mtu anayetembea kila wiki kando ya kijito kilicho chini ya mwalo, na mwenzake anayetembea kando ya kijito kisicho na machimbo, wakirekodi uimbaji wa ndege wa aina moja na kupiga picha za viota na makinda, wanatengeneza mlinganisho ambao maabara haiwezi kuutengeneza bila wao. Hawatathibitisha zebaki, zebaki huthibitishwa kwa kupima manyoya, mayai au samaki. Watakachofanya ni kuonyesha wapi kipimo kipelekwe kwanza, na hilo si jambo dogo mahali ambapo machimbo ni mengi na vipimo ni ghali. Ndivyo ilivyo pia kwa mabwawa ya sayanaidi, kemikali ya sumu inayotumika kutenga dhahabu na mwamba. Baada ya bwawa la mgodi wa Baia Mare, Romania, kupasuka Januari 2000 na kuua samaki mtoni kwa mamia ya kilomita, migodi mikubwa duniani ilitungiwa kanuni ya hiari inayotaka maji ya wazi yanayoweza kufikiwa na wanyama na ndege yasizidi miligramu 50 za sayanaidi kwa lita, kwa kipimo maalumu kilichowekwa. Kiwango hicho hupimwa na mgodi wenyewe. Jirani aliye barabarani hawezi kupima, lakini anaweza kuona kama bata na yangeyange wanatua kunywa au wanapita tu, na saa ngapi. Na pale ajali inapotokea, kama ile ya Novemba 2022 ambapo bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui lilibomoka na tope likafunika makazi na mashamba ya watu, swali la kama ardhi imerudi katika hali yake hujibiwa vizuri na yule aliye na picha za miaka ya kabla ya ajali: nani alikuwa akijenga hapa, mwezi gani, kwenye mti upi.

Pingamizi la kwanza, na la haki kabisa, linatoka kwa mkulima. Kwake yeye ndege ni kweleakwelea. Mmoja hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku, na kundi la milioni moja humaliza tani 10 kabla ya jua kutua. Watoto hukosa shule wakiamia mpunga na mtama juu ya dungu tangu alfajiri. Kumwambia mtu wa namna hiyo atembee akifurahia ndege ni kumdhihaki. Nakubali, na ndiyo maana sizungumzii kufurahia peke yake. Kweleakwelea ndiye ndege ambaye tabia yake ina faida kubwa zaidi kujulikana. Huzaliana kwa makoloni katika miiba baada ya mvua, dume akisuka kiota kwa nyasi mbichi kwa siku chache, mayai yakaatamiwa siku kumi hivi na makinda yakatoka kiotani chini ya wiki mbili baada ya kuanguliwa. Muda wa kuchukua hatua ni mfupi mno, na mara nyingi taarifa huwafikia maofisa wakati kundi limekwisha kuruka. Picha yenye tarehe ya dume akisuka nyasi mbichi kwenye kichaka fulani cha mbuga ya Wembere ina thamani kwa mkulima kuliko malalamiko kumi yanayokuja baada ya mavuno kuliwa. Tena nje ya msimu wa kuzaliana, mnana na ndege wengine kadhaa hufanana sana na kweleakwelea kwa rangi ya kahawia. Sumu ya fenthioni inayonyunyiziwa mahali wanapolala haichagui, na mwewe, tai na bundi wanaookota mizoga hufa pamoja nao, yaani wale wale ambao wangewala kweleakwelea na panya bila malipo. Kosa la utambuzi hapo linamgharimu mkulima mara mbili.

Liko pingamizi la gharama kwa upana wake: ngitili zikijaa wanyama na ndege, jirani ndiye anayelipa. Ni kweli. Tathmini ileile iliyotaja ndege 145 ilikadiria hasara ya wanyamapori kuwa dola 60 na ushei kwa familia kwa mwaka, na fisi walikuwa miongoni mwa waliorudi. Lakini ilikadiria pia kwamba kuni, malisho, asali, dawa, matunda na mazao mengine ya ngitili yalikuwa na thamani ya dola 14 kwa kila mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini Tanzania yalikuwa dola 8.50. Hesabu hiyo inaitetea ngitili bila shida. Shida ni kwamba wastani hauonyeshi ngitili ipi inashamiri na ipi inakufa kimyakimya kwa kufunguliwa mapema au kugawanywa kuwa viwanja. Kupima kila ngitili kwa njia ya tathmini kubwa haiwezekani. Kuitembelea kila wiki inawezekana, na anayeweza kufanya hivyo ni yule anayeishi jirani nayo.

Wanasayansi nao wana shaka yao: picha moja haithibitishi kitu, na mtu hupiga kile kinachompendeza, akamwacha ndege wa kahawia na kumfuata kila mwenye rangi kali. Shaka hiyo ni ya maana, na dawa yake ni nidhamu zaidi kuliko vifaa. Njia iwe ileile, saa ileile, na siku ambayo hakuna kilichoonekana iandikwe kama siku nyingine, kwa sababu ukimya wa ghafla ni habari kubwa. Picha elfu moja za vitendo zilizopigwa kwa utaratibu huo na watu ishirini, kwa miaka mitano, haziwezi kuitwa bahati. Mradi wa Atlasi ya Ndege wa Tanzania umekusanya kumbukumbu za watu wa kujitolea tangu miaka ya 1980 na umejengwa juu ya uaminifu wa namna hiyo. Ukitazama ramani za namna hii nchini, utaona kwamba kumbukumbu hufuata njia za watalii, Serengeti na Ngorongoro zikifurika huku vijiji vya wafugaji na wachimbaji vikiwa na nafasi tupu.

Wengine watasema hizi ni starehe za wageni wenye lenzi ndefu, na kwamba mwenyeji anawajua ndege wake tangu utotoni bila kamera. Sehemu ya pili ya maneno hayo ni kweli, na ndiyo inayonipa matumaini. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, mashariki ya Usukumani, humpigia mluzi ndege mwonyesha asali, naye huwatangulia mti hadi mti mpaka kwenye mzinga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba ndege huyo huongeza kasi yao ya kupata mizinga kwa asilimia 560. Mwingine, wa mwaka 2023, ulionyesha kwamba ndege wa huko huitikia mluzi wa Wahadzabe mara tatu zaidi kuliko mwito wa Wayao wa Niassa, Msumbiji, na wale wa Niassa hupendelea mwito wa Wayao. Yaani ndege wamejifunza lugha ya wenyeji wao. Maarifa hayo yalikuwepo karne nyingi kwa watu waliotazama tabia, na watu wa mbali wakayasadiki yalipopata kipimo na tarehe. Kamera mikononi mwa mfugaji wa Meatu au mrina asali wa Bukombe haimfundishi upya anachokijua. Inampa cha kuweka mezani wilayani, pale neno lake tupu lisiposikilizwa.

Kuna jambo la usalama ambalo halifai kupuuzwa. Mtu mwenye kamera anayezunguka alfajiri karibu na duara, yaani shimo la wachimbaji wa dhahabu, atashukiwa, na wanaomshuku wana sababu. Mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji na viongozi wa sungusungu waambiwe mapema. Misitu ya hifadhi iingiwe kwa kibali. Lenzi isielekezwe machimboni wala kwa watu wanaofanya kazi. Yapo pia madhara ambayo mpiga picha mwenyewe anaweza kuyaleta. Kukata matawi ili kiota kionekane huwafungulia njia nyoka na mwewe. Kupiga sauti ya dume kwa simu ili dume mwingine atokee humfanya apoteze asubuhi yake akimpigania hasimu asiyekuwepo. Na kusambaza mtandaoni picha ya kiota cha kasuku ikiwa na mahali pake ni kumwelekeza mtegaji. Zima alama ya mahali kabla ya kuituma picha, kisha andika mahali hapo kwenye daftari lako peke yako.

Vijiji vyenye ngitili tayari vina dagashida, vina mipaka iliyokubaliwa, na karibu kila kimoja kina shule ya msingi na vijana wenye simu zinazopiga picha. Ninawaomba walimu na halmashauri za vijiji vya Kishapu, Kahama, Bukombe na Geita wachague njia moja tu ya kilomita mbili kila kijiji, wapange zamu ya watu wawili kwa wiki, na daftari la vitendo vya ndege likae pamoja na masharti ya ngitili. Mvua huanza Novemba, ngitili hufungwa wakati huo, na ndege wengi huanza kujenga wiki hizohizo. Daftari linunuliwe Oktoba.